Wajibu wa Pamoja wa Usalama Kazini: Namna ya Kuugawa na Kupunguza Makosa ya Kibinadamu

Bango la "Usalama ni jukumu la kila mtu" limebandikwa kwenye karakana, maghala, hospitali na maeneo ya ujenzi kila pembe ya dunia. Linasema kweli, ila halimdai mtu yeyote kitu chochote. Siku ajali inapotokea, jukumu hilo la kila mtu humwangukia mmoja tu: yule aliyeshika kifaa mara ya mwisho.

Mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja: kila mtu adaiwe kile alicho na uwezo wa kukibadilisha. Mwendeshaji wa mashine hapangi bajeti wala idadi ya watu kwenye zamu, meneja anapanga. Meneja haioni nati iliyolegea saa nane usiku, mwendeshaji anaiona. Ukichukua makosa yote ya kibinadamu ukayaweka upande wa mwendeshaji, umeacha nusu ya chanzo bila mwenyewe.

Kugawa wajibu, kazi moja baada ya nyingine

Anza na kazi zinazoweza kuua au kulemaza. Hizi ni kazi za juu ya urefu, za umeme, za ndani ya matangi na mashimo, za chini ya mzigo unaoning'inia, za mashine zenye sehemu zinazozunguka, za kemikali, na zile zinazofanyika magari yakipita au yakirudi nyuma. Sehemu nyingi zina kazi kati ya tano na kumi za namna hiyo. Sakafu inayoteleza na kiti kibovu cha ofisini vitafuata baadaye. Kamati nyingi huanzia huko kwa sababu ni rahisi, kisha nguvu zinaishia huko.

Kila kazi iwe na karatasi moja yenye safu sita:

1. Kihatarishi: ni kitu gani hasa kinachoweza kumuumiza mtu.
2. Kizuizi: ni nini kinachomtenga mtu na kihatarishi hicho.
3. Anayekiweka kizuizi.
4. Anayekikagua, na mara ngapi.
5. Anayekiwezesha: mwenye fedha, muda au mamlaka.
6. Anayeambiwa kikikosekana, na ndani ya muda gani.

Tuseme kazi ni kusafisha mashine ya kuchanganyia yenye mapanga. Kihatarishi ni mapanga kuzunguka wakati mkono uko ndani. Kizuizi ni kukata umeme kwenye swichi kuu na kuifunga kwa kufuli. Anayekiweka ni yule anayesafisha. Anayekikagua ni kiongozi wa zamu, kabla mkono wa kwanza haujaingia. Anayekiwezesha ni mkuu wa ununuzi, kwa kuwa makufuli yananunuliwa, pamoja na mpangaji wa uzalishaji, kwa kuwa usafi huo unachukua dakika 40 na yeye ndiye anayezitenga. Kizuizi kikikosekana, meneja wa kiwanda aambiwe kabla zamu haijaisha.

Safu ya tano ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayofanya wajibu uwe wa pamoja kweli. Mpangaji akitenga dakika 15 kwa kazi ya dakika 40, utaratibu umekwisha kuvunjwa kabla msafishaji hajagusa spana. Lazima cheo chake kionekane kwenye karatasi, na yeye aitwe kutoa maelezo kama wanavyoitwa wengine.

Kila anayetajwa kwenye safu awe mmoja kwa jambo moja. Usiandike "timu", "idara" au "wote wanaohusika". Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Andika cheo badala ya jina la mtu ili karatasi isife mtu anapohama, kisha kwenye ubao wa zamu liandikwe jina la anayeshika cheo hicho siku ile. Kabla ya kusaini, pitia karatasi zote na uhesabu: kama zaidi ya nusu ya nafasi zimejazwa cheo kimoja, kwa kawaida kiongozi wa zamu, mgawanyo huo ni wa maandishi tu. Hakuna binadamu anayeweza kukagua vizuizi 30 huku akiendesha zamu.

Kosa ni la aina gani?

Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason aliyagawa makosa ya watu kazini katika makundi ambayo hadi leo yanatumika kwenye usafiri wa anga, hospitali na viwanda. Faida yake ni kwamba kila kundi lina dawa yake, na dawa ya kundi moja haitibu jingine.

Kuteleza ni pale mtu anapojua la kufanya, amekusudia sawa, lakini mkono unafanya kingine: anabonyeza kitufe cha jirani, anafungua vali namba 6 badala ya namba 9. Huwapata sana wazoefu, kwa kuwa kazi imeshaingia mwilini na inakwenda bila kuwaziwa. Kumrudisha mtu huyo darasani ni kumfundisha anachokijua. Badilisha vifaa: tenganisha vitufe, vipe maumbo tofauti, weka namba kubwa kwenye vali yenyewe na si kwenye mchoro pekee. Mitungi ya gesi za hospitali ni mfano mzuri. Pini na matundu yake hupangwa tofauti kwa kila gesi, hivyo mtungi wa naitrasi oksidi haukai kwenye nafasi ya oksijeni hata aliyechoka akijaribu kuulazimisha.

Kusahau ni hatua kurukwa. Hutokea zaidi mahali pawili: baada ya mtu kukatizwa katikati ya kazi, na mwishoni, lengo kuu likishatimia. Mashine nyingi za kutolea pesa hurudisha kadi kwanza ndipo zitoe noti, kwa sababu mtu akishashika noti, akili yake imeshaondoka pale. Tumia mantiki hiyo hiyo: hatua inayosahaulika iwekwe kabla ya lengo. Kama mafundi husahau kurudisha kinga ya mkanda, weka swichi inayozuia mashine kuwaka mpaka kinga ikae mahali pake. Na anayekatizwa katikati ya kazi ya hatua nyingi arudi nyuma hatua tatu, asiendelee pale anapodhani aliishia.

Kukosea uamuzi ni kufanya kwa usahihi jambo lisilo sahihi. Mtu amesoma geji inayodanganya, ametumia kanuni ya hali nyingine, au hajawahi kukutana na tatizo hilo. Hapa mafunzo yanasaidia kweli, pamoja na michoro iliyo sawa na mitambo ilivyo, na namba ya mtu wa kuuliza anayepokea simu hata usiku.

Kukiuka ni kuijua kanuni na kuiruka. Kabla ya kuandika barua ya onyo, uliza ni wangapi wanairuka. Akiwa mmoja, zungumza naye. Ikiwa ni zamu nzima, kanuni haitekelezeki: glovu ni nene kiasi kwamba skrubu haishikiki, ngazi iliyoidhinishwa iko ghala la mbali, au kazi haimaliziki kwa muda uliopangwa. Ukiukaji wa zamu nzima mara nyingi unajulikana na msimamizi na umefumbiwa macho kwa miezi, mpaka siku damu inapomwagika.

Ripoti yoyote inayoishia na "mfanyakazi hakuwa makini" irudishwe kwa aliyeiandika. Umakini wa binadamu hupanda na kushuka kila saa. Mfumo unaosimama juu ya umakini pekee umeshapangiwa ajali, bado tarehe tu.

Iangalie kazi inavyofanywa

Utaratibu ulioandikwa na kazi inayofanywa ni vitu viwili, na pengo kati yao ndiko makosa yanakozaliwa. Chagua kazi moja kati ya zile hatari. Nenda pale inapofanyika, ukiwa na anayeifanya kila siku na mtu mmoja kutoka safu ya wawezeshaji. Tenga saa moja, na angalau mara moja iwe zamu ya usiku. Usichukue fomu ya alama za vema. Ukiwa nayo mkononi, watu watakuigizia kitabu.

Uliza maswali haya, kisha nyamaza usikilize:

- Ni hatua gani ya kazi hii inayokuudhi?
- Mgeni akiianza kesho, atakosea wapi kwanza?
- Ni kifaa gani unachokitafuta au kukiazima mara kwa mara?
- Mkiwa nyuma ya ratiba, ni nini kinachopunguzwa?
- Mara ya mwisho kazi ilipokwenda tofauti na ilivyopangwa, mlifanyaje?

Swali la nne ndilo lenye thamani kubwa. Jibu lake linakuonyesha kizuizi kitakachokuwa hakipo siku ya ajali.

Mtu wa ofisini aliyekuja aifanye hatua moja ngumu kwa mikono yake, kama ni salama kwake kuifanya: avae barakoa ile kwa dakika 20, ainame pale pale, asome lebo ile kwa mwanga ule. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kanuni nyingi zisizotekelezeka ziliandikwa na watu ambao hawakuwahi kuubeba mzigo wenyewe.

Kurekebisha kazi kabla ya kumrekebisha mtu

Mpangilio wa hatua za kudhibiti hatari unajulikana: ondoa kihatarishi kabisa, usipoweza, weka kisicho na madhara makubwa badala yake, usipoweza, kitenge kwa kizuizi cha kimitambo, kisha taratibu na mafunzo, mwisho kabisa vifaa kinga vya kuvaa. Kadiri unavyoshuka, ndivyo usalama unavyotegemea mtu kukumbuka jambo kila siku. Sehemu nyingi huanzia chini kwa sababu kofia ngumu inanunuliwa leo na kuvaliwa leo. Weka sharti kwenye kamati: pendekezo la mafunzo, bango au kifaa kinga lisikubaliwe mpaka iandikwe kwa sentensi moja kwa nini ngazi tatu za juu zimeshindikana.

*Kufunga kwa kufuli.* Kwa matengenezo na usafi wa mashine, hakuna utaratibu unaookoa viungo vya watu kuliko huu, na hakuna unaofanywa nusunusu kama huu. Hatua zake:

1. Waambie wote wanaotumia mashine kwamba inazimwa na kwa nini.
2. Orodhesha kila chanzo cha nguvu: umeme, mvuke, hewa yenye shinikizo, mafuta ya haidroli, springi iliyobanwa, uzito ulioinuliwa, joto. Mashine moja ikiwa na vyanzo vitatu, inahitaji kufungwa mahali patatu.
3. Izime kwa njia ya kawaida.
4. Kata kila chanzo kwenye swichi kuu au vali yake. Kitufe cha dharura na swichi ya paneli havihesabiki. Vinakata mkondo wa kuendeshea tu, umeme mkubwa unabaki umesimama nyuma yake.
5. Kila anayeingiza mkono aweke kufuli lake mwenyewe, lenye ufunguo mmoja unaokaa mfukoni mwake, na kibao chenye jina, tarehe na kazi.
6. Ondoa nguvu iliyobaki: fungua hewa, shusha uzito au uukinge kwa nguzo, acha kapasita zimalize chaji.
7. Jaribu kuwasha, kisha rudisha swichi kwenye kuzima. Kwa umeme, jaribu kipimo chako kwenye chanzo unachojua kina umeme, pima saketi, kisha rudi ukijaribu tena kwenye kile chanzo. Kipimo kilichokufa husoma sifuri popote utakapokiweka.
8. Kazi ikiisha, hesabu zana, rudisha kinga, hakikisha watu wametoka, ndipo kila mmoja aondoe kufuli lake.

Mambo yanayoharibika hapa ni yale yale. Kundi la watu wanne hutumia kufuli moja la kiongozi, mmoja akichelewa ndani hakuna anayejua. Ufunguo wa akiba hukaa kwa msimamizi. Hatua ya 7 hurukwa kwa kuwa "tumeshaizima". Kundi likiwa kubwa, tumia sanduku la kufuli: funguo za vyanzo vyote zinaingia sandukuni, na kila mtu anaweka kufuli lake juu ya sanduku hilo.

*Orodha za ukaguzi.* Orodha nzuri ni fupi na ina mahali pake pa kusimama. Ile ya upasuaji salama, iliyozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, ilikuwa na mambo 19 tu, yamegawanywa katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Fuata umbo hilo. Weka mambo matano hadi tisa kwa kila kituo, yale yanayoua yakirukwa na yanayorukwa kweli. Isomwe kwa sauti na mtu mmoja, ajibu mwingine, na jibu liwe thamani inayoonekana: "shinikizo ni sifuri", si "ndiyo". Orodha yenye vipengele 45 itajazwa ndani ya gari asubuhi, karatasi kumi kwa kalamu moja.

*Uchovu.* Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva. Saa mbaya zaidi ni kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Usipange kazi za kufunga mashine, kuinua mizigo mizito au kuanzisha mtambo ndani ya saa hizo kama zinaweza kusubiri. Hesabu na safari ya kwenda na kurudi: zamu ya saa 12 yenye safari ya saa mbili kila upande humwachia mtu saa nane za kula, kuoga, kuwa na familia na kulala. Haya yako mikononi mwa mpanga zamu, kwa hiyo cheo chake kiwe safu ya tano.

Makabidhiano ya zamu na sauti ya mdogo

Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilizimika usiku na wafanyakazi wakaamua kuwasha ile ya pili. Mchana wake, vali ya usalama ya hiyo ya pili ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo na pamewekwa kifuniko cha muda. Kibali cha kazi ya vali kilikuwepo, lakini kilihifadhiwa mbali na kibali cha pampu, na habari haikuwafikia waliopokea zamu. Gesi ilivuja, ikalipuka, na watu 167 wakafa.

Makabidhiano yafanyike uso kwa uso, mbele ya kifaa chenyewe au ubao wenye vibali vyote vilivyo wazi, yakiwa na dakika 10 hadi 15 zinazolipwa. Anayeondoka ataje mambo manne: kilicho wazi au kilichoondolewa, kilichofungwa kwa kufuli na la nani, kilichobadilika tangu jana, na kinachomtia wasiwasi hata kama hana ushahidi. Anayepokea ayarudie kwa maneno yake, kisha watie saini wote wawili. Vibali vya kifaa kimoja vikae mahali pamoja, hata vikiwa vya idara tatu tofauti. Daftari lililoachwa mezani si makabidhiano.

Maagizo ya redio na simu yaende kwa duru tatu: mtoaji anasema, mpokeaji anarudia, mtoaji anathibitisha. "Funga vali tisa." "Nafunga vali tisa." "Sawa, funga vali tisa." Inachosha wiki ya kwanza, baadaye haionekani.

Jambo gumu zaidi ni mdogo kumwambia mkubwa kwamba anakosea. Mwaka 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos, Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu na watu 583 wakapoteza maisha. Sekunde chache kabla, mhandisi wa ndege iliyokuwa ikianza kuruka aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Nahodha, rubani mwenye heshima kubwa katika shirika lake, akajibu kwamba imetoka. Baada ya jibu hilo swali halikurudiwa.

Pale ambapo kumkatiza mkubwa ni utovu wa adabu, heshima yenyewe huwa sehemu ya hatari, na kuhimiza tu kwamba "msiogope" hakubadilishi kitu. Wape watu ngazi ya maneno iliyokubaliwa na wote, ili anayeitumia aonekane anafuata utaratibu na hamvunjii mtu heshima:

- Kuuliza: "Mkuu, tumehakikisha waya huu hauna umeme?"
- Kueleza wasiwasi: "Mkuu, nina wasiwasi, sijaona kufuli kwenye swichi."
- Kusimamisha: "Mkuu, tusimame. Hapa si salama."

Neno la ngazi ya tatu likisemwa, kila mkono unasimama, bila mjadala, mpaka aliyesema aridhike au mtu wa ngazi ya juu afike. Fanyeni mazoezi, na wakubwa ndio waanze kwa kukosea makusudi mbele ya kundi ili wasimamishwe. Anayesimamisha kazi akiwa amekosea apewe shukrani ile ile. Akichekwa mara moja tu, hatasimamisha tena yeye wala waliomwona.

Haki hii ina msingi wa kimataifa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hali ambayo ana sababu za msingi kuamini ni hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake, na unamtaka aarifu msimamizi wake mara moja. Mkataba huo huo unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi, jambo la kukumbuka pale bei ya buti inapokatwa kwenye mshahara. Ambatanisha haki hiyo na mkataba wa ajira na wa kila mkandarasi, maana vibarua ndio wanaoogopa zaidi kupoteza kazi ya kesho.

Taarifa za nusura ajali

Nyundo iliyoanguka na kumkosa mtu imekuonyesha kila kitu ambacho ajali ingekuonyesha, bila mazishi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na watu huficha wanapoadhibiwa. Marekani, tangu mwaka 1976, marubani na wahudumu wengine wa anga hupeleka taarifa za makosa yao kwa NASA, ambayo haina mamlaka ya kuwaadhibu. Majina huondolewa, na anayetoa taarifa ndani ya siku 10 hupata kinga ya adhabu kwa kosa lisilo la makusudi. Uhalifu na ajali zenyewe haziingii kwenye kinga hiyo. Chukua umbo hilo: anayepokea taarifa asiwe anayetoa adhabu, na mipaka ya kinga iandikwe mapema.

Fomu iwe na maswali manne: nini kimetokea, wapi na saa ngapi, kingeweza kumfanya nini mtu, na unadhani nini kifanyike. Jina liwe hiari. Ikubalike kwa ujumbe wa simu, kwa sauti, au kwa picha, kwa ajili ya wasiopenda kuandika. Kisha fuata muda huu bila kuteleza: ndani ya saa 24 aliyetoa taarifa ajibiwe kwamba imepokelewa, ndani ya siku 3 aambiwe nani ameibeba, ndani ya siku 14 jibu libandikwe ubaoni, hata kama ni "hatutafanya, kwa sababu hizi". Mifumo mingi hufa kwa ukimya. Watu hutoa taarifa mbili, hawasikii kitu, ya tatu hawatoi.

Usiweke idadi ya lazima ya taarifa kwa kila mtu kwa mwezi. Utaletewa rundo la mifagio iliyoachwa njiani, na lile tundu kwenye jukwaa la kazi litabaki pale pale.

Ajali ikitokea

Saa ya kwanza ni ya majeruhi na ya kuzuia madhara zaidi. Kisha eneo liwekewe uzio, vifaa visiguswe, picha zipigwe, na mamlaka zinazotakiwa kisheria ziarifiwe. Mashahidi wasikilizwe mmoja mmoja siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu hazijachanganyika. Waanze kwa kusimulia wenyewe, maswali yafuate.

Timu ya uchunguzi iwe na mtu anayeifanya kazi ile na mtu asiye chini ya meneja wa eneo lile. Swali la kuongoza liwe: kwa nini alichofanya kilionekana sawa kwake, kwa alichokuwa anajua na kuona dakika ile? Kisha pitia karatasi ya safu sita na uulize kila aliyetajwa, kuanzia safu ya tano ukishuka. Uchunguzi unaoanzia kwa majeruhi huishia kwa majeruhi.

Katika kuamua hatua za kinidhamu, fanya jaribio la kubadilisha mtu: wachukue watatu wenye ujuzi na uzoefu ule ule, waeleze hali bila kuwaambia matokeo, uwaulize wangefanya nini. Wakijibu kwamba nao wangefanya vile, tatizo ni la kazi. Tofautisha hivi:

- Kosa lisilokusudiwa: mfariji mtu, rekebisha kazi.
- Njia ya mkato ambayo haikuonekana kuwa hatari: zungumza naye, ondoa kinachoivutia.
- Kujua hatari kubwa na kuipuuza bila sababu, au kuja kazini amelewa: nidhamu.
- Kuharibu kwa makusudi au kughushi ukaguzi ili kuficha: nidhamu kali.

Uzito wa adhabu usipimwe kwa ukubwa wa jeraha. Waliofanya kitendo kile kile, mmoja akamwangushia mtu mzigo na mwingine akamkosa, wana kosa moja. Tofauti yao ni bahati. Na kipimo hicho kishuke na kupanda: meneja aliyekataa mara mbili ombi la kinga ya mashine akijua hatari yake, naye yuko kwenye mstari wa tatu.

Vipimo, na wapi vinapodanganya

Achana na bonasi ya "siku bila ajali". Inachonunua ni ukimya: aliyekatwa kidole anaambiwa ajitibu nyumbani ili wenzake wasikose pesa. Pima mambo yanayoweza kukuzwa na kazi yenu: asilimia ya vizuizi vilivyokaguliwa na kukutwa vinafanya kazi, wastani wa siku kutoka taarifa hadi marekebisho, marekebisho mangapi yalikuwa ya ngazi tatu za juu, na mara ngapi kazi ilisimamishwa. Kipimo cha mwisho kikiwa sifuri kwa miezi mitatu, haimaanishi kazi ni salama. Watu wameacha kusema.

Matokeo hayo yabandikwe yakiwa na safu ya wawezeshaji. Marekebisho yaliyopita muda yaonekane yako kwa cheo gani, mkurugenzi akiwemo.

Mpangilio wa kuanza

Wiki mbili za kwanza, chagua kazi tatu tu kati ya zile hatari na ujaze karatasi zake pamoja na wanaozifanya. Wiki ya tatu na ya nne, nenda ukaziangalie zinavyofanywa, na urekebishe angalau kero moja ya bei ndogo kwa kila kazi: taa, lebo, kufuli, ngazi iliyosogezwa karibu. Fanya hivi kabla ya kuomba taarifa za nusura ajali, kwa maana watu hupima uzito wa maneno yako kwa hiyo taa. Mwezi wa pili anzisha makabidhiano mapya na ngazi ya maneno kwenye zamu moja, urekebishe kasoro, ndipo zamu nyingine zifuate. Mwezi wa tatu fungua mfumo wa taarifa.

Taarifa zitapanda ghafla, na mtu wa juu atauliza kwa nini hatari zimeongezeka tangu mpango uanze. Mwandalie jibu mapema, kwa maandishi, kabla ya mwezi huo: hatari zilikuwepo, sasa zinaandikwa. Kama marekebisho hayaendi na kasi ya taarifa, usifunge sanduku la taarifa. Rudi kwenye safu ya tano, uongeze fundi au fedha, au uchague hadharani zipi zitangulie na zipi zisubiri, pamoja na tarehe zake.